Mlinzi wa Pwani wa Newala

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwalimu Agatha, mstaafu, anaandaa ubao wa picha katika ukumbi wa parokia. Ni wa watu wenye majina wa huku bara, mbali na bahari, waliowahi kutumikia kikosi cha ulinzi wa pwani! Amekwisha kupata watatu: mkuu wa shule, mpiga tarumbeta, na mzee wa Lisekese anayesifika kwa nyuki. Mimi hakuniuliza. Nami nilitumikia, mwaka 1988. Siku kumi na moja. Siku ni siku.

Si suala la sifa tu. Ida, binti wa dada yangu, yuko karibu kujifungua. Amesema akipata wa kiume atampa jina la mtu mwenye historia. Mimi nina miaka hamsini na tisa na sina mtoto. Nikifa, jina langu, Ladislaus, linafukiwa pamoja nami. Nimelifikiria hili kuliko ninavyopenda.

Upande wa mumewe yupo mjomba mtu, Anselmo, Mmakua wa Chiungutwa. Alilinda pwani miaka kumi na minane, akaokoa watu sita. Hajisifu hata kidogo. Watu wa namna hiyo ni wa hatari.

Jumatano, 6 Agosti

Picha! Nimeazima sare nyeupe ya bendi ya parokia. Suruali ni ya mpiga ngoma kubwa, naye ni mfupi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Shimo la Mungu na Vitalis, mpiga picha za pasipoti. Ukungu umejaa bondeni hadi ukingoni, mweupe, umetulia. Bahari tupu! Nikaweka kiganja juu ya macho, nikatazama mbali.

Kasoro moja: mkorosho umechomoza ukunguni nyuma ya sikio langu. Nilipompelekea picha, Mwalimu Agatha akauliza ni nini. Nikasema kisiwa. Akasema kinachanua. Nikasema vipo vinavyochanua. Nikaongeza kwamba nilifika cheo cha sajini. Akaiweka picha ubaoni, lakini anataka shahidi aliyekuwa kambini nami, aje aseme mbele ya watu siku ya uzinduzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Aliyekuwa kambi ile ninayemjua ni mmoja. Anselmo! Nimekwenda Chiungutwa kwa bodaboda, jogoo wa zawadi mapajani. Nimemkuta akipulizia mikorosho dawa ya salfa, amekuwa wa njano kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikamwomba athibitishe kwamba nilikuwepo. Akakubali kabla sijamaliza. Akauliza kama aseme yote. Nikasema yote, ndugu yangu, usibakize!

Alicheka mpaka akakaa chini. Wamakua na sisi Wamakonde ni watani, na kicheko cha mtani si cha kupuuza. Ila bodaboda alikuwa ananipigia honi.

Jumamosi, 16 Agosti

Lo! Lo!

Ukumbi ulijaa. Ida kiti cha mbele, tumbo limefika magotini. Anselmo akashika kipaza sauti, akathibitisha. Kwamba nilikuwepo kambini, jikoni, upande wa viazi. Kwamba siku ya kumi na moja nilipandishwa boti kwa mara ya kwanza, nikatapika, nikamlilia mama kwa Chimakonde, nikamwomba radhi bibi yangu aliyekwisha kufa. Kwamba boti ilikuwa bado imefungwa gatini. Na kwamba kesho yake nilirudi Newala. Watu walicheka mpaka machozi. Padri alivua miwani akajifuta.

Mtani akikucheka nawe unamcheka, unamrudishia lake, yamekwisha. Hata msibani mtani huingia kaburini akagoma kutoka, na wafiwa hawanuni. Mimi nilinuna! Nikasimama nikasema upepo siku ile ulikuwa mkali. Nikamwita mwongo. Wazee wakanitoza faini ya kuku papo hapo, kosa la kumkasirikia mtani. Mwalimu Agatha akaibandua picha yangu.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Sikumtazama Ida. Nimekaa kitandani na sare ya watu mwilini. Niandike ukweli: nina aibu, na ninaogopa.

Jumanne, 19 Agosti

Ida amejifungua jana. Wa kiume. Nilikwenda kumpongeza, uso nimeuandaa kabisa kupokea jina la Anselmo. Ida akaniamkia, akasema Mjomba mshike mwenzio, Ladislaus. Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Ikabidi nitafute kiti.

Nikauliza kwa nini. Akasema alipovunjika mguu darasa la sita, nilimpakia kwenye baiskeli kwenda shule na kurudi muhula mzima, hata siku za mvua, na kwake historia ndiyo hiyo. Jina lilikuwa tayari tangu mimba ina miezi mitatu. Anselmo alilijua na aliliunga mkono. Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

Nimetafakari. Baiskeli! Nani huku hana baiskeli? Ida ni mpole tu, hataki kumuudhi Mwalimu Agatha. Ukweli uko wazi. Ni ile picha. Ilikaa ubaoni siku kumi kabla ya kubanduliwa, na imefanya kazi.

Ida alipokwenda kuoga niliachiwa mtoto peke yangu. Nikamnong'oneza kwamba amerithi jina la nahodha. Hakubisha.