Taa Nne Juu ya Keria

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeamua. Pikapu litafungwa taa. Si taa za kawaida, hizo kila mtu anazo. Taa nne kubwa za mviringo, juu ya keria, za kuangaza porini!

Sababu ni hii. Gari ni la baba mkwe. Macho yake yamechoka, ameacha kuendesha miaka miwili sasa. Siku za kazi gari linalala kwetu, mwisho wa wiki analichukua shemeji, mdogo wa mke wangu. Sasa mzee anataka litulie kwa mtu mmoja. Jumamosi alfajiri nitampeleka mimi shambani kwake, karibu na machimbo ya kokoto. Jumapili atapelekwa na shemeji. Jumapili jioni anakabidhi funguo.

Mke wangu kaniuliza kama naelewa uzito wa jambo lenyewe. Duka lake la chakula cha kuku linaishi kwa gari hilo. Likienda kwa mdogo wake, magunia atayabeba kichwani? Nikamwambia atulie, ana mume. Akaenda kuhesabu magunia yake.

Jioni nimeipaka keria rangi nyekundu, mkono wa tatu. Inang'aa. Nimejiona usoni ndani yake, nikapendeza.

Jumanne, 10 Juni

Kwa fundi umeme wa magari, yule wanayemwita Volti. Nilifuata ushauri tu, kazi nitafanya mwenyewe. Akasema waya mweusi wa taa ndio njia ya umeme kurudi. Niukaze kwenye bodi ya gari, na hapo ninapoukaza nikwangue rangi mpaka chuma kionekane. Ukubwa wa sarafu tu, akasema.

Nikwangue! Rangi yangu! Nikamuuliza kama yeye humkwaruza mwanawe siku ya kupiga picha. Akasema umeme haupiti kwenye rangi. Nikacheka kwa adabu. Radi inapita hewa tupu kutoka mbinguni, ije ishindwe na rangi?

Nasikia shemeji anashona vitambaa vya viti. Vya mistari ya buluu. Viti! Kiti kilimmulikia nani njia?

Jumatano, 11 Juni

Waya mwekundu kutoka betri, kupitia fyuzi, mpaka kwenye swichi. Kutoka swichi mpaka kwenye taa. Swichi nimeifunga palipokuwa na kisahani cha majivu, imekaa kama iliyozaliwa hapo. Ukabaki ule mweusi. Nikazunguka gari zima nikitafuta mahali pasipo rangi. Hakuna. Hata ndani ya boneti nilipaka mwaka jana, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ghafla nikauona waya mwingine mweusi, mwembamba, umejikalia tu, unaelekea usukanini. Mweusi kwa mweusi, ndugu kwa ndugu! Nikauchuna, nikaunga, nikazungusha utepe. Rangi haikuguswa.

Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena. Nikaipiga keria kofi. Wapi! Nikakaa chini kando ya gurudumu, na kusema kweli, machozi yalinilengalenga.

Shemeji akafika kupima viti vyake. Akaniona nimejiinamia, akaingia garini na kupiga honi ili anishtue. Taa zote nne zikawaka! Ukuta wa jirani ukawa mweupe pe. Akaachia honi, zikazimika. Akabonyeza, zikawaka. Kumbe ule waya niliounga ulikuwa wa honi, na sasa taa haziwaki mpaka honi ilie. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga: atakayeshindwa kuniona atanisikia. Akaniita Mhandisi. Mara mbili, mbele ya dada yake. Nadhani ameanza kuniogopa.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji kajitolea kumleta Volti anirekebishie, eti kwa ajili ya dada yake. Mtego huo, mtoto mdogo angeuona. Nimekataa. Mke wangu kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeitazama miguu yangu. Yote mizima.

Tatizo dogo moja. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye gia. Honi abonyeze nani? Nimejaribu kiwiko. Nimejaribu goti. Kidevu kilifaa sana, ila kinakutaka utazame mshale wa kilomita na si barabara.

Jirani yetu muuguzi, ambaye hufanya kazi usiku na kulala mchana, alitoka na mto wake mkononi. Aliyoyasema siyaandiki, daftari hili linaweza kusomwa na watoto.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Kipande cha kandambili juu ya kitufe cha honi, kisha ukanda wa mpira wa baiskeli kuzunguka usukani, kaza. Honi inalia yenyewe, taa zinawaka zenyewe, mikono yangu iko huru. Nimejaribu mara moja tu kwa sababu ya muuguzi.

Mke wangu kaniomba, kwa upole, nimpeleke baba yake kwa taa za kawaida. Amesema hana duka jingine. Sauti yake ilinigusa. Nikamwahidi kwamba kesho atajivunia mume wake. Yeye akaenda kulala.

Jumamosi, 14 Juni

Siku yangu!

Tuliondoka giza halijaisha. Nikakaza mpira. Honi ikaanza, na haikupumua. Baba mkwe aliketi kando yangu, mikono magotini, macho mbele. Niliona kila jiwe! Niliona sisimizi! Watu walitoka nje na mashuka. Waendesha baiskeli walishuka wakasimama pembeni. Lori zima la kokoto lilitupisha mpaka mtaroni.

Mzee akawa anasema kitu. Niliona midomo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema tena. Nikakubali tena. Baadaye nikajua alikuwa ananiambia tumeipita njia ya shamba.

Tukatokea katikati ya machimbo. Sasa, kule wana utaratibu wao: mlio mrefu wa honi maana yake mwamba unalipuliwa. Wanaume thelathini wakatupa sururu wakalala kifudifudi. Msimamizi alichungulia nyuma ya pipa akitaka kujua kwa ishara nani kawasha baruti. Ukanda wa mpira ulikataa kufunguka, ikabidi niukate kwa meno.

Tukarudi nyumbani, shambani hatukufika. Lakini wanaume thelathini walilala chini kwa sababu ya gari langu. Waziri gani amewahi kupata heshima hiyo?

Jumapili, 15 Juni

Shemeji amempeleka mzee kimyakimya, akafika shambani, akarudi. Ila viti! Kavijaza sponji mpaka mzee akagonga kichwa kwenye paa kila shimo. Karudi na nundu. Nikawa na matumaini makubwa.

Jioni tukakaa sebuleni. Baba mkwe akauliza swali moja: kwa miaka miwili hii, mafuta ya gari yalikuwa yakijazwa na nani? Nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi. Mimi siku zote nilijua ni yeye, na yeye alijua ni mimi.

Mzee akasema ni binti yake, kila Jumatatu, kabla mimi sijaamka. Akampa funguo. Mke wangu alizipokea kwa mikono miwili, akalia.

Moyo uliniuma, sifichi. Uliniuma mpaka chakula kilipoletwa. Ndipo nikaona jambo lenyewe lilivyo: gari limebaki nyumbani kwangu. Nani ameshinda? Shemeji amerudi kwake mikono mitupu. Na kama si taa zangu, mzee angefikia uamuzi mwema hivi?

Jumatatu, 16 Juni

Volti ameitwa na mwenye gari. Kakwangua pa kukwangua, kaunga upya, kamaliza kabla chai yake haijapoa. Taa zinawaka, honi imetulia. Nikampongeza kwa kumalizia kazi yangu vizuri.

Mke wangu ameshika usukani. Kumbe leseni alipata kabla yangu. Shemeji kapewa kiti cha mbele, kwa sababu vitambaa ni vyake. Mimi nimepanda nyuma, juu ya magunia. Kwa hiari yangu! Ndipo mahali pa juu kuliko pote, mtaa mzima umeniona. Muuguzi amenipungia mkono, au alikuwa anafunga dirisha.

Na kutoka huku nyuma nimegundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Nyuma ya keria hakuna taa hata moja. Giza tupu! Nimepima kwa kiganja gari likiwa mwendoni. Zinaingia sita. Mke wangu simwambii kitu. Mwanamke aliyepata gari anastahili zawadi ya ghafla.