Kenge Mkubwa wa Bonde la Ilevelo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Ilevelo, ndugu yangu Elius Mligo, ambaye koti lake la leo tunalijua kuwa ni lile la arusi na kwa hiyo tunaelewa uzito wa shughuli. Waheshimiwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, mliopata viti na mliokosa. Mheshimiwa Katekista Laurenti, jirani yangu na mlezi wa Kamati Ndogo ya Lishe. Waheshimiwa wazee wa usharika, ambao mimi ni mmoja wao mpaka hotuba hii itakapokwisha. Wageni wetu mliotoka Makambako mjini kwa bodaboda katika ukungu huu. Kina mama, kina baba, vijana, na wote ambao vyeo vyenu vimenitoka kichwani lakini havijawatoka ninyi: kamwene! (Kamwene!) Mimi, Methusela Luvanda, mkaguzi wa shule mstaafu, Mkurugenzi Mtendaji wa Mradi Shirikishi wa Utafiti na Hifadhi ya Kenge Wakubwa wa Nyanda za Juu, nimesimama mbele yenu kwa msaada wa fimbo na wa mke wangu Fidelia, kutamka rasmi kwamba kuna jambo nimewaficha kwa miaka tisa, na kwamba wiki iliyopita, baada ya daktari kule Njombe kunitazama usoni kisha akautazama ukuta, nimeona ni heri litoke kabla yangu. (Minong'ono. Mama Beatha, kutoka nyuma: "Jamani, kaoa tena huyu!" Vicheko.) Sijaoa, mama Beatha. Ingekuwa nafuu.

Ajenda iliyo mezani, kama alivyoisoma Mwenyekiti kwa ufasaha na mara mbili, ni kwamba ile miaka tisa ya kulifunga Bonde la Ilevelo kwa ajili ya kenge inakwisha mwezi huu, na mnaombwa kunyoosha mikono ili lifungwe miaka mingine tisa, na pia ofisi ya mradi, itakapojengwa, ipewe jina langu. Naomba mikono ibaki mifukoni kwanza. Hata baridi yenyewe inaunga mkono.

Nianze na mafanikio, maana hotuba isiyo na mafanikio ni malalamiko. Kwa mujibu wa data za beseline tulizokusanya kwa kuwashirikisha stekiholda wote katika mchakato mpana, hali ya kenge wetu imekuwa tulivu kwa asilimia mia moja. Katika kipindi chote hicho hakuna kenge aliyejeruhiwa, hakuna aliyeibwa, hakuna aliyegongwa na gari barabara kuu, na hakuna aliyeugua hata mafua. Nauliza, ni mradi gani mwingine wa hifadhi, hapa nchini au ng'ambo, unaoweza kusimama hadharani na kusema hivyo? (Makofi marefu. Mwenyekiti anasimama, anapiga makofi, anakaa.)

Kwa faida ya waliokosa semina elekezi, kenge ni mnyama mtambaazi mwenye ulimi wa ncha mbili, na kwa ulimi huo hunusa. Hapigi kelele, hana haraka, na mkia wake ndio kasia lake majini. Jike huchimba kichuguu wakati wa mvua, hutaga mayai ndani na kwenda zake, na mchwa huja kulikarabati tundu bila kudai posho, hivyo mayai hulelewa kwenye joto la nyumba ya watu wengine. Hula kaa, samaki, mayai ya ndege na ya mamba, na mizoga. Haya yote niliyasoma kitabuni na ni ya kweli kabisa. La kwangu nililoongeza ni moja, kwamba kwa kuwa kenge ana damu baridi, basi mkoa wa Njombe ndio kwao. Mwalimu Rebeka wa sayansi alinyanyuka hapahapa, akasema, "Shikamoo mzee, lakini mnyama wa namna hiyo si anahitaji jua la kuota ndipo apate nguvu? Hapa umande unaganda kuwa sakitu na kuunguza viazi, yeye ataota nini?" Nikamjibu kwamba hoja yake imepokelewa na itafanyiwa kazi. Mwalimu Rebeka, leo imefanyiwa kazi. Ulikuwa sahihi. Kenge mkubwa mwenye akili zake akifika Makambako hugeuza, akateremka Usangu kwenye joto na mpunga. (Vicheko. Rebeka: "Miaka tisa, mzee! Na mtihani nimewatungia wanafunzi!")

Sasa chanzo cha mradi. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imeshiba, mianzi inatoa ulanzi, pombe yetu ya utomvu wake, kama bomba lililopasuka. Katekista Laurenti alinikuta sebuleni nasoma, akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "mianzi yangu ya bondeni inaibiwa. Jioni natega mbeta zangu vizuri kwenye machipukizi, vikombe vya mwanzi imara kabisa, ulanzi unadondoka. Alfajiri nakuta vikavu. Na kwenye tope kuna nyayo. Mbili mbele, mbili nyuma, na katikati mburuzo mrefu kama wa mkia. Wewe umesoma. Ni mnyama gani?" Tukashuka naye. Nikavaa miwani, nikatoa futi, nikapima mburuzo ule huku na huku, nikatikisa kichwa kwa namna tuliyofundishwa wakaguzi, nikasema, "Kenge." Laurenti akauliza, "Kenge anakunywa ulanzi?" Nikasema, "Mdogo hanywi. Mkubwa anakunywa." (Vicheko. Laurenti: "Ndivyo alivyosema, hivyohivyo!")

Kutoka hapo, ndugu zangu, mradi ulikua wenyewe. Kibao cha amri ya kulifunga bonde kikasimama mdomoni mwake. Watu wakaacha kushuka. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Lishe, na kila msimu wa ulanzi, kaya moja kwa zamu ikaweka mbeta moja iliyojaa chini ya mianzi kabla hakujapambazuka, ili kenge asihame. Na taarifa ya kila asubuhi ilionyesha kwamba lishe imepokelewa na kutumika yote. Hayo ndiyo matumizi bora ya rasilimali. (Makofi. Laurenti, kwa fahari: "Yangu haikubaki hata tone!") Najua, Katekista. Yako ilikuwa inazidi zote, haikuwa na maji.

(Laurenti: "Umejuaje, Mwalimu?")

Naomba maji kidogo, mke wangu mama Denis. Ahsante.

Ndugu Katekista, ndugu wananchi, nimekuwa mzee wa usharika kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo nimesimama madhabahuni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu nikiukemea ulanzi kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuonekana kilabuni. Hawezi hata kuonekana kwenye mianzi amesimama, kwa sababu kina mama wanaoteka maji wana macho. Mtu wa namna hiyo, akitaka kunywa, huenda kwa magoti na viganja, kati ya mashina, na mkanda wa koti lake la mvua ukiburuzika nyuma yake kwenye tope.

(Kelele kubwa. Mama Beatha: "Mkanda!" Mtu anaanguka na benchi. Fidelia: "Baba Denis! Nimefua suruali zile miaka tisa nikijua ni utafiti!") Ulikuwa utafiti, mama Denis, tena wa kina. (Laurenti, amesimama: "Mimi nilimwombea kenge yule! Kigangoni, mbele za watu, nilimwombea uhai mrefu!") Na umejibiwa, ndugu yangu, nimefika themanini na tatu. (Vicheko mpaka machozi. Laurenti anajaribu kukasirika, anashindwa, anakaa.)

Basi inatosha kucheka. Nina pumzi chache na nilizipanga.

Unywaji ule ni dhambi yangu, na Mungu wangu tutasemezana muda si mrefu. Kulifunga bonde ni jambo jingine. Pale penye mianzi, hatua ishirini tu, ndipo kilipo kinyungu cha mama Oktavia, mama yake Judith na mjane wa Anthony, na yeye ni mtu wa kuwahi. Mvua ikikatika tu, yuko bondeni na jembe, anachimba matuta kwenye ule unyevu, anapanda mahindi na maharage ya kiangazi wakati huku mlimani kote kumekauka. Asubuhi moja alikaribia kunikanyaga mkono. Wiki hiyohiyo kibao kikasimama. Nilifunga vinyungu vya kaya arobaini kwa kumwogopa mwanamke mmoja anayeamka mapema. Na tangu mwaka huo, kila mwezi wa sita, mama huyu hupanda lori kwenda Lupembe kuchuma chai ya watu mpaka mvua zirudi, na magoti yake mnayaona. Furushi lake hilo hapo mlangoni. Lori ni Jumatatu.

(Oktavia anasimama taratibu. "Mzee Methusela. Misimu tisa nimechuma chai ya watu ili wewe unywe ulanzi kwa nafasi?") Ndiyo, mama Judith. ("Na huu ungekuwa wa kumi.") Ungekuwa wa kumi. ("Kucheka nitacheka siku nyingine. Leo niambie kitu kimoja: kinyungu kile nikachimbe au nisichimbe?")

(Mwenyekiti anagonga meza: "Utaratibu! Mama Oktavia, keti. Tumesikia na tumesikitika, lakini bonde limefungwa kwa amri. Hata kama kenge ni Mwalimu, amri ni amri. Mpaka mradi uandike barua, barua iende juu, juu wajibu. Mwaka mmoja, miwili. Kwa sasa mama uende zako Lupembe, na atakayeshuka bondeni nitamkamata mimi mwenyewe.")

Mwenyekiti yuko sahihi kiutaratibu, na ni mimi niliyemfundisha kusema hivyo. Kwa hiyo nifunge hotuba kwa kauli mbiu na shukrani, kama ilivyo desturi ya mradi. Kenge hoyee! (Hoyee hafifu.) Vinyungu hoyee! (Hoyeee!)

Nawashukuru wafadhili wetu wa ng'ambo, ambao barua zao niliwasomea hapa kila mwaka, nikiwa nimeziandika jioni iliyotangulia mezani kwangu. Namshukuru mtafiti mkuu, Dokta Amon, ambaye kila tulipomsubiri daraja lilikuwa limekatika, na ambaye hajazaliwa. Nawashukuru wajumbe wote wa bodi, yaani mimi. Nayashukuru makao makuu ya mradi, ambayo ni droo ya pili ya kabati langu, chini ya soksi. Na kuhusu amri yenyewe, Mwenyekiti, ile uliyoilinda kwa uaminifu bila kuomba kuiona, hakuna ofisi iliyoiandika wala mkubwa aliyeitia saini. Kibao nilikipaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango wa choo, nikakisimika siku ya ibada wakati ninyi mko kanisani. Hakuna barua ya kuandika wala juu pa kuipeleka. Mama Judith, bonde lile halijawahi kufungwa hata siku moja.