Ombi la Kuzitenganisha Seva Mbili za Kanisa Letu

Kianda, Kibera
Jumatano

Kwa Mchungaji Mulei na Wazee wa Kanisa,

Bwana asifiwe sana. Natumai mu wazima, na kompyuta zenu pia, maana siku hizi ndizo zinazochunga kondoo.

Mimi Mukhwana, fundi wa makochi, ninalalamikia kazi ya Boaz wenu wa kompyuta. Ameunganisha seva ya kanisa letu la Kianda na ile ya tawi la Kawangware. Kinachoandikwa huku kinajinakili kule papo hapo, ati moja ikiharibika, nyingine ibaki na kila kitu. Hongera kwake. Aliyeumia ni mimi.

1. Kwa miaka sita Kianda wamejua kwamba Jumapili ninaabudu Kawangware. Kawangware, nilikojiandikisha kwa simu, wamejua ninaabudu Kianda. Pande zote zilikuwa na amani, tena ziliniombea. Juzi seva zililinganisha mahudhurio zikagundua siko popote. Kwani nani alizituma?

2. Hata Mungu, aonaye yote tangu Adamu, hajawahi kumtumia mke wangu Kageha orodha ya mahudhurio. Boaz amemtumia. Sasa Kageha anaamka akiniambia njia ya mwongo ni fupi. Fupi wapi, jameni? Yangu ilikuwa na miaka sita! Nina uchungu, siwafichi.

3. Kanisa linakataza kusengenyana. Mama Trizah alisema neno moja tu kuhusu sketi ya kiongozi wa kwaya, akasimamishwa meza ya Bwana miezi mitatu. Seva hizi zinanisengenya kutwa kucha na hakuna mzee aliyeziita kikaoni.

4. Kwa hivyo naomba waya ukatwe, Boaz atubu mbele ya watu, na kila seva ifundishwe kusahau kama Mkristo wa kawaida.

Nisalimieni kwaya, akina mama, vijana, na Boaz pia, ila si sana.

Wenu katika imani, popote nilipo,
Mukhwana

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, nimepigiwa simu kwamba bomba limepasuka ofisini Kianda. Seva imelowa, madaftari yamelowa. Rekodi ya ubatizo ya binti yangu Mercyline ilikuwa humo, na bila hiyo hamtamfungisha ndoa Jumamosi. Boaz anasema nakala iko salama Kawangware. Asante Yesu, asante Boaz! Msikate kitu. Kesho asubuhi nitaifuata mwenyewe. Nielekezeni tu: hilo kanisa la Kawangware liko upande gani?