Ombi la Kuolewa Nami Walau Mara Moja

Hollywood, 9 Machi 1938

Kwa Bwana Pettibone,
Mkurugenzi, Studio ya Marigold Crest.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni Orrin Tuttleby, mwigizaji wako wa yule mchumba mwenye masharubu. Katika filamu zako tisa sasa, binti anayetamani kuwa mwimbaji ameniacha kanisani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ndiye ninayemtafutia mwalimu wa kuimba. Mimi ndiye ninayevumilia sauti yake ikipasuka wiki tatu, na kumpeleka redioni. Mpiga tarumbeta, mpinzani wangu katika filamu zote hizo, amemsikia mara moja tu, binti akioga, kupitia ukutani. Siku ya harusi anamkimbilia nani? Tarumbeta.

2. Mama yangu, aliyeko Fresno, aliitazama filamu ya nane pamoja na akina mama wa kanisani kwake. Ilipofika harusi alisimama akaniambia kule kwenye skrini, "Mwanangu, shuka hapo, huyo hakutaki." Walimtoa nje kwa adabu. Tangu hapo kila barua yake inauliza nina kasoro gani.

3. Muuza mikate wa mtaani kwetu hunikatia pai maradufu na kunishika bega. Nimenenepa kwa huruma za watu.

4. Nilimposa Bi Irma Lindqvist, mshonaji wako wa mavazi. Alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Orrin," akasema, "nimeshona magauni tisa ya kukukimbia wewe. La kumi nilivae mwenyewe?"

Kwa hiyo naomba katika filamu ya kumi mwimbaji anichague mimi. Ikishindikana, mpiga tarumbeta avunjike mguu. Ikishindikana hata hilo, basi nikimbie mimi kwanza, na kanisa zima linifuate.

Wasalimie wa nyumbani kwako, makarani wote, na mpiga tarumbeta pia, ambaye nje ya kazi ni mtu mwema.

Wako mtiifu,
Orrin Tuttleby

N.B. Nilimpa Irma barua hii anisahihishie maandishi. Alipoimaliza alikiri kwamba mara zote tisa alisimama nyuma ya mapazia akilia, na kwamba hajaona mwanamume anayeachwa vizuri kama mimi. Amekubali. Tafadhali acha niachwe tena katika ya kumi, na ya kumi na moja ukipenda. Ila msipige picha za filamu Jumamosi: nina harusi, na bibi harusi ameahidi kufika.