Nilivyoajiriwa na Bwana Elkana Kabla Hajanijua

Jumatatu, 13 Januari 1992

Msiba. Mama amesema Jumatatu ijayo naanza chuo cha taipu mjini. Kidato cha nne nimemaliza, kukaa nyumbani basi. Nilitaka kumwambia kwa adabu kwamba sitaki taipu, nataka muziki, tena muziki wa filamu. Mdomo ukajisemea mengine. Ukasema nimeshapata kazi. Kwa Bwana Elkana! Namsaidia kutunga!

Bwana Elkana ni jirani yetu hapa Port Reitz. Alitoka Maragoli kuja kupakua meli, akaishia kupiga saksafoni ya jazi kwenye hoteli za Nyali, na sasa anatunga muziki wa filamu. Ile filamu ya kuwahimiza watu kuchemsha maji ya kunywa, muziki wake ni yeye. Bibi yangu, Bi Nana, alikataa kuchemsha maji maisha yake yote mpaka aliposikia ile saksafoni. Huyo ndiye mtu ninayetaka kuwa.

Mama akauliza nimeajiriwaje, mimi ambaye mgeni akipiga hodi nakimbilia jikoni. Nikasema ameona kipaji changu. Mama akafurahi hadi nikaogopa. Akasema Jumapili atakwenda kumshukuru, maana mtu hakushikii mwanao ukanyamaza kama bubu.

Miaka yote hii ya ujirani, Bwana Elkana hajapata kuisikia shikamoo yangu. Naitoa, lakini haifiki. Sasa lazima aniajiri kabla ya Jumapili.

Jumanne, 14 Januari

Mpango wa kwanza. Nilichukua filimbi yangu ya shule, nikasimama nje ya ua wake, nikapiga. Atasikia kipaji, atatoka, atauliza ni nani huyu.

Alitoka! Nilikuwa nikipiga polepole, kwa haya. Akaniambia, binti, kuna birika la mtu linachemka na kupiga mluzi hapa karibu, hebu kawaambie walitoe jikoni.

Nikasema abee. Nikaenda nyumba ya pili, nikawaambia watoe birika. Wakasema hawana birika jikoni. Nikawaomba radhi.

Jumatano, 15 Januari

Jael yumo ndani!

Jael, tuliyesoma darasa moja, anayeimba kwaya kama anagombana na paa la kanisa. Nimemkuta kwenye baraza ya Bwana Elkana ameshika saa ya kupimia wakimbiaji. Nikamuuliza ametumia njia gani. Akasema alibisha mlango akaomba kazi. Njia hiyo haikuwa imenijia.

Akanicheka. Akasema, Mishi wewe, ukikanyagwa na ng'ombe utamwomba msamaha.

Lakini amenieleza kila kitu. Filamu anayoitungia sasa ni ya dereva wa lori na mkewe. Picha ya mwisho, lori linaondoka, mke amebaki kando ya barabara. Lori likipotea tu, muziki uzime papo hapo. Mwenye filamu, Bi Milcah, anakuja kutoka Nairobi Jumamosi kusikiliza. Asiporidhika, kazi anampa mtunzi wa huko kwao, na Bwana Elkana hatahitaji msaidizi yeyote. Na kijana wake wa ngoma amekwenda msibani bara, hajarudi.

Hana mpiga ngoma! Nimelala na wazo hilo kama nimelala na embe chini ya mto.

Alhamisi, 16 Januari

Mpango wa pili. Ami Shee, mpwa wa Bi Nana, hupiga ngoma ya dumbaki kwenye taarabu za harusi. Nitampeleka kwa Bwana Elkana, naye atajua thamani yangu. Nilifika hadi mlangoni. Mkono ukakataa kubisha. Nikamwomba Jael amfikishie habari.

Kamfikishia. Kasema ni wazo lake! Bwana Elkana kamwita akili nyingi. Wallahi nililia. Halafu nikapata nafuu, maana lau angeniita mimi akili nyingi, ningelazimika kumjibu.

Ijumaa, 17 Januari

Bi Nana amesikia Shee atapiga. Kasema basi naye atakwenda, mtu wa kwao hapigi bila watu wake. Hapo hapo nikaona mpango wa tatu. Mimi nitamshika bibi mkono na kubeba sinia la kaimati. Nani atamfukuza mwenye kaimati?

Akauliza shughuli yenyewe ikoje. Nikamwambia ni kama harusini tu. Akaanza kutunga koja la asumini. Sikuuliza la nini.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeingia! Nilikaa pembeni, nyuma ya sinia. Televisheni, deki ya video, kinasa sauti kimewashwa. Bwana Elkana na saksafoni, Kazungu na gitaa la besi, Ami Shee na dumbaki. Jael na saa yake, ameinua shingo kama twiga. Bi Milcah kwenye kiti kizuri, hacheki.

Picha ya mwisho ikaanza. Jamani, saksafoni ile! Lori likaenda, likawa dogo, likapotea. Bwana Elkana akainua mkono kuzima muziki.

Bi Nana akasimama na koja lake kwenda kumtuza Ami Shee.

Sasa, mpigaji wa harusini anajua jambo moja. Mtu akiinuka kukutuza, wimbo haukatwi mpaka akufikie. Kuukata ni kumtukana mbele za watu. Ami Shee akaendelea. Kazungu akamfuata. Bwana Elkana akatoa macho, akarudisha saksafoni kinywani. Na Bi Nana si mtu wa mbio. Katikati ya chumba alisimama kabisa, akajitikisa mabega kidogo. Barabara ikawa tupu. Kioo kikawa cheusi. Yakaanza kupita majina ya waigizaji. Bi Nana bado yuko njiani! Nilitamani sinia linifunike.

Akafika. Akamvisha Shee koja. Ndipo muziki ukazima.

Bwana Elkana akauliza kwa sauti ya mwalimu mkuu ni nani aliyemleta mama huyu. Jael akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Bi Milcah alikuwa akifuta macho. Akasema siku zote majina yakipita watu huinuka kwenda zao, lakini leo amekaa hadi jina la mwisho akingoja lori lirudi. Akauliza kama Bwana Elkana alikusudia hivyo. Bwana Elkana akakohoa. Akasema mtunzi ana njia nyingi.

Kazi ni yake! Nilipumua hadi leso ikainuka.

Bi Milcah alipokwenda, Bwana Elkana akamuuliza bibi kilichomwinua. Akajibu, "Mwanamke yule kaachwa njiani peke yake, nanyi mwataka kunyamaza?"

Akamwajiri. Bi Nana! Atatazama kila filamu, na muziki ukikatwa mapema atainuka. Bibi akakubali kwa sharti, kwamba magoti yake ni mabovu, mjukuu atamshika mkono. Bwana Elkana akanitazama kwa mara ya kwanza. Akauliza kama nimehamia hapa karibuni.

Jumapili, 19 Januari

Mama alikwenda na mahamri. Mimi nyuma yake, nasoma kila dua niijuayo. Akamshukuru Bwana Elkana kwa kumwajiri mwanawe tangu Jumatatu. Bwana Elkana akafungua mdomo. Bi Nana, aliyekuwa ameshakikalia kile kiti kizuri, akamwambia ale hamri kabla halijapoa. Akala. Alipomeza, Mama alikuwa anaaga.

Alhamdulillahi! Taipu imefutwa. Nimejisikia mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Nimeapa, uongo basi.

Njiani Mama akauliza kwa Bwana Elkana napiga chombo gani. Nikasema kinanda.

Akasimama, akanibusu. Kasema Jumamosi ni harusi ya binamu yangu Kulthum huko Likoni, na mpiga kinanda wao anaumwa. Kesho asubuhi atawapelekea habari njema.

Kinanda nimekiona mara nyingi. Sidhani ni kigumu.