Mwalimu wa Hisabati Aondoke Sebuleni Kwangu

Margilon

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Salamu kwako, kwa walimu wako, na kwa mlinzi wa getini ambaye nasikia mguu umepona. Mimi ni Hosiyat, bibi yake Shohsanam wa darasa la sita. Naandika kwa heshima, ila yamenifika shingoni. Tangu mgeuze mafundisho, somo likasikilizwa nyumbani kwenye simu na mazoezi yakafanywa shuleni, nyumba yangu haina amani.

1. Mwalimu Botir huingia kwangu kila jioni kupitia simu yangu, bila hodi. Mgeni ni mgeni. Nimemketisha mahali pa heshima, mbali na mlango, juu ya mto wa marehemu mume wangu. Namtengea mkate, namtilia chai kidogo kidogo ili ajue tunapenda akae. Hagusi!

2. Juzi nilichoka, nikamjazia bakuli la chai hadi ukingoni. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake: mgeni, nenda kwenu. Yeye akaendelea tu, "Haya wapenzi, turudie tena." Mke wa mwanangu, Barchinoy, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, huyo amerekodiwa, hata ukimmwagia hatajua!" Kurekodiwa si ruhusa ya kukosa adabu.

3. Kama somo limehamia nyumbani, basi kazi za nyumbani nazo zihamie shuleni. Kesho naleta zulia la kukung'utwa, karoti za pilau na kondoo wawili. Kuku watafuata. Barchinoy atafagia ua wenu alfajiri, maana wangu sasa ni darasa.

4. Shohsanam mwenyewe husinzia kabla mwalimu hajamaliza kusalimia. Nabaki mimi mbele ya simu, kwa sababu mgeni haachwi peke yake.

Kwa hiyo naomba mwalimu arudi ubaoni, nami nirudi kwenye tamthilia yangu.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, na huyo mlinzi tena.

Mimi niliyevumilia vya kutosha,
Hosiyat Ergasheva

Tanbihi: Jana mwalimu alituachia swali: theluthi mbili za tikiti, wageni wanne, kila mmoja apate kiasi gani? Akasema jibu mtalitafuta pamoja darasani. Mimi sina darasa. Niliondolewa shule nikiwa la nne, na bado inaniuma. Nimekata tikiti zima jikoni, nimepata moja ya sita. Barchinoy anabisha. Naomba dawati la nyuma. Kondoo nitawaacha nyumbani. Mwambie Mwalimu Botir nakuja na birika, na nitamtilia kidogo tu.