Maneno Kumi na Mawili ya Hasira

Jumanne, 4 Novemba 2025
Siku ya tisa bila mke wangu Khadidja. Yuko kwa mama yake, mtaa wa Mutanga Nord. Kosa langu? Nilisema mbele ya wageni kwamba ndagala zake, dagaa wetu wa ziwani, zina mchanga. Mchanga ulikuwepo! Baba mdogo Shaabani anasema Jumapili twende kumrudisha na kreti ya Fanta, kama desturi: yeye aseme, mimi niinamishe kichwa. Ninyamaze, mbele ya shemeji Aboubacar aliyesoma Kampala na kujitapa kwa Kiingereza chake? Nina mpango.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimempata Patrick, mwalimu kutoka Uvira, anayefundisha Kiingereza nyuma ya duka la vitambaa, mtaa wa Asiatique. Nimemwomba maneno ya hasira tu. Amenipa kumi na mawili, kuanzia dogo hadi kubwa: annoyed, yaani umekerwa; bitter, uchungu umekukaa moyoni; furious, hapo hata majirani wameshajua. Somo la pili, kasema, ni kuomba msamaha. Nikamwambia hilo halinihusu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikaogopa kidogo.

Jumapili, 9 Novemba
Msiba. Baba mdogo alianza vizuri, mama mkwe akawa ameshaleta kifungulio cha chupa. Khadidja alikaa karibu na mlango, amevaa kitenge nilichompa siku ya Idi. Nikasimama. Nikayatoa yote kumi na mawili, bila kukosea hata moja! Aboubacar hakushindana nami. Alimtafsiria mama yake, neno kwa neno, polepole. Mama mkwe akarudisha kifungulio kabatini. Khadidja akaniuliza: "Mu maneno yote ile, hakuna hata moja ya kuomba pardon?" Nikatafuta. Sikuwa nalo. Tumerudi na kreti yetu, chupa zote zimejaa. Nimelia nikifungua mlango.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimepika ndagala mwenyewe. Zina mchanga. Nimeshushia kwa Fanta ya moto, peke yangu. Baba mdogo amekubali kwenda tena Jumapili ijayo, mara ya mwisho, baada ya hapo nisimtafute. Nimekaa nikawaza tulikosea wapi, nikaona: maneno hayakutosha. Nimerudi kwa Patrick. Alikuwa ameshafungua daftari kwenye somo la pili. Nimemwomba arudi la kwanza, aniongezee manane.